Sura ya Nne: Neno la Luteni

Tarehe 7 Februari 1824 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Leven ilikaribia Mombasa, na mabaharia wake wakaiona bendera ya nchi yao ikipepea juu ya Ngome ya Yesu. Hapakuwa na Mwingereza aliyeipandisha. Wamazrui, waliokuwa wakiutawala mji, ndio walioishona na kuitweka wenyewe. Merikebu za Sayyid Said bin Sultan wa Omani zilikuwa zimewazingira, chakula kilikuwa kinapungua, na kisiwa cha Pemba kilichokuwa ghala lao la nafaka kilikwisha kuwatoka mkononi. Liwali Suleiman bin Ali alitafuta mkubwa wa kumkinga, akaona Mwingereza ndiye.

Nahodha wa Leven, William Fitzwilliam Owen, alikuja kupima bahari. Hakutumwa kutawala mji wa mtu, wala hakuwa na hati yoyote kutoka London ya kumruhusu kuweka himaya. Hata hivyo, tarehe 9 Februari, siku mbili tu baada ya kutia nanga, alikuwa ametia sahihi mkataba. Uingereza ingeilinda Mombasa na kuirudishia milki zake za zamani. Utawala ungebaki mikononi mwa Wamazrui, mwana akimrithi baba. Mwakilishi wa Kiingereza angekaa mjini. Mapato ya forodha yangegawanywa nusu kwa nusu. Raia wa Uingereza wangeruhusiwa kufanya biashara mpaka bara, na uuzaji wa watumwa Mombasa ungekoma.

Kwa sahihi hiyo, miaka 71 kabla ya Uingereza kutangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, kipande cha nchi inayoitwa leo Kenya kikawa chini ya ulinzi wa maafisa wa jeshi la majini. Waliishi Mombasa miaka miwili na miezi michache. Ni muda mfupi, na vitabu vya shule huupita kwa mistari miwili. Mimi naueleza kwa kirefu katika sura hii kwa sababu jambo lililotendeka pale lilirudiwa baadaye bara, mpaka kwenye vilima vya Dagoretti na uwanda wa Kibera: afisa anatoa neno, wenyeji wanalishika, serikali yake inalikana, na anayelipa gharama ni mwenyeji.

Mtoto wa bahari

Owen alizaliwa Manchester mwaka 1774, mtoto wa nje ya ndoa wa afisa wa majini. Aliingia jeshini mwaka 1788 akiwa na miaka 14 hivi. Wakati huo haikuwa ajabu. Mvulana alipandishwa melini kabla ya ndevu kuota, akajifunza nyota, hesabu, kamba na nidhamu, akakua hana kwao ila sitaha.

Mwaka huohuo wa 1788, upande wa pili wa Bahari ya Hindi, nahodha mwingine wa majini, Arthur Phillip, alitia nanga Sydney akiwa na merikebu 11 zilizobeba wafungwa na walinzi wao. Magavana wanne wa kwanza wa koloni hilo la Australia, yaani Phillip, Hunter, King na Bligh, wote walikuwa watu wa majini. Serikali ya Uingereza ilipotaka kushika nchi ya mbali, afisa wa manowari ndiye aliyekuwa karibu. Alijua kusoma ramani, alikuwa na bunduki na watu wanaotii amri, na alikwisha zoea kuwa hakimu, karani na mlezi wa mamia ya watu mahali ambapo barua ya mkubwa wake haifiki.

Owen alikutana na historia ya Australia ana kwa ana. Mwaka 1808 alitekwa na Wafaransa, akawekwa kizuizini katika kisiwa cha Mauritius mpaka 1810. Alimkuta huko Matthew Flinders, afisa aliyeizunguka Australia yote kwa bahari na kuichora kwenye ramani, naye akiwa mfungwa tangu 1803. Wapima bahari hao wawili waliishi katika kisiwa kimoja, wakiwa na kalamu lakini hawana merikebu. Baada ya kuachiliwa, Owen aliendelea na kazi hiyohiyo. Alipima Maziwa Makuu ya Kanada, kisha mwaka 1822 akaondoka Uingereza akiwa na Leven na Barracouta kwenda kupima pwani ya Afrika.

Safari hiyo ilimaliza watu. Homa iliwashika kuanzia Ghuba ya Delagoa, karibu na Maputo ya leo, na ikawafuata mpaka kaskazini. Dawa ya kwinini ilikwisha tengwa kutoka gome la mti huko Ufaransa mwaka 1820, lakini desturi ya madaktari wengi wa merikebu bado ilikuwa kumtoa mgonjwa damu. Hapakuwa na aliyejua kwamba mbu ndiye mchukuzi. Hilo daktari Ronald Ross alilithibitisha mwaka 1897. Zaidi ya nusu ya watu waliotoka Uingereza na Owen walikufa kabla ya kazi kwisha. Kila unapoiona ramani ya zamani ya Kilindini yenye tarakimu za vina vya maji, jua kwamba watu walizikwa njiani ili zipatikane.

Wale walioachwa nyuma

Mkataba ulipokwisha kutiwa sahihi, Owen hakukaa. Alimchukua Mbaruk bin Ahmed wa ukoo wa Mazrui, akaenda naye Pemba kumtaka wali wa Sayyid Said akirudishe kisiwa. Wali akakataa. Ahadi ya kwanza kabisa ya mkataba, ile iliyowapa Wamazrui moyo wa kutia sahihi, ilivunjika kabla wino haujakauka vizuri. Owen akaendelea hadi Mauritius kutafuta idhini ya gavana wa Kiingereza, Sir Lowry Cole, kwa jambo alilokwisha litenda.

Mombasa alimwacha luteni mmoja, John James Reitz, kijana wa ukoo wa Kiholanzi kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Chini yake walikuwa George Phillips, mwanafunzi wa uafisa, koplo mmoja wa askari wa manowari, mabaharia watatu na mkalimani. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa serikali nzima. Watu saba, katika mji wenye ngome iliyojengwa na Wareno tangu 1593, wenye Mataifa Kumi na Mawili ya Waswahili na mashehe wao, wenye wafanyabiashara wa Kihindi, na wenye majirani wa Mijikenda walioleta pembe, sandarusi na nafaka kutoka bara.

Mtu akisoma habari za wakati ule haraka anaweza kudhani wale saba walitawala. Hawakutawala. Mambo ya mji yaliendeshwa kama yalivyoendeshwa kabla yao. Liwali alikaa ngomeni, mashehe wa makundi mawili ya mataifa hayo, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, walisikilizwa, kadhi alihukumu kwa sharia. Luteni aliweza kushauri, kulalamika, kuandika na kuhesabu nusu yake ya ushuru. Nguvu yake yote ilitoka katika kitu kisichoonekana: imani ya watu wa Mombasa, na hofu ya Sayyid Said, kwamba nyuma ya kijana huyu ipo dola.

Reitz hakukaa kitako. Mwezi Mei 1824 alifunga safari kuelekea kusini kuitazama pwani mpaka mto Pangani. Mei ni wakati wa mvua za masika, njia zimejaa maji na mbu wamezaliana. Homa ikampata huko, akafa mwisho wa mwezi huo kabla ya kurudi kazini. Alikuwa ameshika wadhifa wake kwa muda usiotimia miezi minne. Jina lake ndilo lililobaki. Hori kubwa upande wa Changamwe linaitwa Port Reitz, na wakazi wa hapo wana hospitali na mtaa wa jina hilo. Wengi hulitamka kila siku wasijue kwamba ni jina la kijana aliyekufa kwa homa akiwakilisha serikali ambayo haikuwa imemtuma.

Phillips, mwanafunzi wa uafisa, akawa mkuu kwa sababu hapakuwa na mwingine. Tufikirie jambo hilo kwa makini. Mji wenye historia ndefu ulikuwa na mlinzi ambaye katika meli yake mwenyewe bado alikuwa akifundishwa kazi. Alikaa hivyo mpaka Agosti 1824, alipokuja Luteni James Emery. Huyu ndiye aliyedumu.

Maisha ya Emery

Emery aliandika shajara kwa namna afisa wa zamu anavyoandika kitabu cha meli: kila siku na mambo yake. Shajara hiyo imehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza huko London, nayo ni moja ya maelezo ya karibu zaidi tuliyo nayo kuhusu Mombasa ya miaka hiyo. Ni jambo la kutia uchungu kwamba Mkenya akitaka kujua nani alipita katika mitaa ya babu zake mwaka 1825, lazima aanze na daftari la mgeni, lililowekwa katika mji wa mgeni. Shukrani ziende pia kwa wale waliohifadhi upande wetu wa habari: washairi. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa ileile, akatunga kuhusu vita na siasa za Wamazrui na Omani, na watu wakayahifadhi mashairi yake vifuani mpaka yakaandikwa.

Kazi ya Emery ilikuwa ya subira. Mwaka wake uligawanywa na pepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Novemba hivi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Uhindi. Kusi ilipoanza, karibu Aprili, yalirudi. Kati ya misimu hiyo bandari ilikuwa kimya, na barua ya kutoka kwa wakubwa ilikuwa bahati. Swali lililoandikwa Mombasa lilihitaji miezi kufika Uingereza, na jibu miezi mingine kurudi. Kwa hiyo Emery alifanya maamuzi kwa kukisia wakubwa wake watapenda nini.

Mzigo wake mkubwa ulikuwa biashara ya watumwa. Mkataba uliikataza, na Owen aliichukia kwa dhati ya moyo. Miaka miwili kabla, mwaka 1822, nahodha mwingine wa majini, Fairfax Moresby, alikuwa amemfungisha Sayyid Said mkataba wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Lakini ndani ya milki za Uingereza zenyewe utumwa ulikuwa bado halali, na Mauritius mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa. Maafisa wa Mombasa walikamata watumwa waliokuwa wakipitishwa bandarini na kuwapa uhuru, kisha wakawatafutia ardhi na kazi. Watu hao walionunuliwa bara, wakatembezwa mpaka pwani na kushushwa majahazini, walibeba mawe na kujenga gati. Majina yao hayakupewa hori wala mtaa. Jumba linaloitwa Leven House ukingoni mwa Mji wa Kale, na ngazi zinazoshuka hapo mpaka majini, vinakumbuka manowari. Ingefaa vikumbuke pia mikono hiyo.

Hali kati ya Emery na wenyeji wake ilizidi kuwa nzito. Wamazrui walikuwa wametoa nusu ya ushuru wa forodha na biashara iliyowaingizia fedha wakubwa wa mji, wakitarajia Pemba na ulinzi. Pemba haikurudi. Ulinzi ulikuwa bendera na watu wachache. Mwaka 1826 Suleiman bin Ali aliondolewa, Salim bin Ahmed akashika uliwali. Tusiwahukumu Wamazrui kwa kuchoka. Walitimiza upande wao zaidi ya upande wa pili ulivyotimiza wake.

Bombay na London

Chanzo cha kuanguka kwa mpango huu hakikuwa Mombasa. Serikali ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki iliyokaa Bombay ilimhitaji Sayyid Said. Tangu 1798 Omani na Kampuni walikuwa na mkataba. Said aliwasaidia Waingereza katika vita vyao vya Ghuba ya Uajemi, na njia ya merikebu za India ilipita mlangoni pake. Kumnyima Mombasa kulikuwa kumuudhi rafiki wa maana kwa ajili ya watu ambao Bombay haikuwa na faida nao. Said alilalamika, Bombay ikamuunga mkono, na London ikaamua kwamba nahodha Owen alivuka mipaka ya kazi yake.

Owen alirudi Mombasa mwishoni mwa 1825 akiwa bado anautetea mpango wake. Haikusaidia. Mwezi Julai 1826 manowari ya Helicon ilifika, Emery akapakia watu na vitu vyake, akaondoka.

Kwa maafisa, mambo yaliendelea. Owen alipelekwa mwaka 1827 kuanzisha makao mengine katika kisiwa cha Fernando Po, mahali palipo mji wa Malabo leo. Alipanda cheo mpaka akawa makamu admirali, akafa Kanada mwaka 1857 akiwa mzee wa miaka 83. Emery alichapisha maelezo yake ya Mombasa katika jarida la chama cha wanajiografia wa London.

Kwa Mombasa haikuwa hivyo. Mwezi Januari 1828 Said alifika mwenyewe akiwa na merikebu yake Liverpool yenye mizinga 74, akaweka askari wake ngomeni. Wamazrui wakawatoa mwaka huohuo. Alirudi 1829, akarudi 1833, akashindwa. Mwaka 1837 mafarakano ya ndani yalimfungulia mlango. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi. Waliosalia walitawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi.

Mkataba na ukimya

Nimeitaja Australia kwa makusudi. Mwaka huohuo wa 1824, afisa wa majini aitwaye James Gordon Bremer alipelekwa kaskazini ya bara lile, akajenga Fort Dundas katika kisiwa cha Melville, akitarajia biashara na visiwa vya Indonesia. Biashara haikuja. Watiwi, wenye kisiwa, waliwapinga wageni, homa na upweke vikafanya kazi yake, na mwaka 1829 kambi ikaachwa. Ukiitazama pamoja na Mombasa unaona kazi ileile ya afisa: kujaribu pwani na kuandika ripoti, kisha kungoja mkubwa aamue kama pana faida.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Wenyeji wa Australia hawakuandikiwa mkataba wowote na magavana wale. Ardhi yao ilihesabiwa kama haina mwenyewe. Mombasa palikuwa na mkataba, wenye masharti, sahihi na mashahidi. Mtu angetarajia kwamba aliye na karatasi atakuwa salama kuliko asiye nayo. Wamazrui walikuwa na karatasi, na haikuwafaa kitu siku Bombay ilipopima faida yake. Kilichokosekana katika nchi zote mbili ni mahali ambapo mwenyeji angemshitaki aliyemwahidi.

Kutoka pwani, jambo hilo lilipanda bara. Mwezi Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard, afisa wa jeshi aliyeajiriwa na kampuni ya Kiingereza, alifika Dagoretti, akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Alijenga boma, akaondoka kwenda Uganda. Waliobaki na wapagazi wa misafara wakawanyang'anya watu vyakula, boma likachomwa, na kampuni ikajenga jingine. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa na watu wa kampuni ileile ambayo afisa wake alikuwa ndugu yake wa kiapo. Akafa njiani Kibwezi akipelekwa pwani. Anayeishi leo Kongo, pale Kawangware jijini Nairobi, yuko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nchi kilikofanyika kiapo hicho.

Ng'ambo kidogo, Kibera, askari Wanubi waliopigania jeshi la mfalme wa Uingereza waliwekwa na wakubwa wao wa kijeshi mwanzoni mwa karne ya 20. Eneo walilopimiwa lilikuwa ekari 4,197. Walipewa vibali vya kukaa, si hati za kumiliki. Vizazi vilizaliwa, vikazikwa, na kila serikali iliyokuja ilisema haijui ahadi ya wakubwa wale. Hati ya jamii ilipotolewa hatimaye mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Sisemi kwamba Owen, Reitz na Emery walikuwa walaghai. Naamini Owen alikusudia alichosema kuhusu biashara ya watumwa, na Reitz alikufa akifanya kazi yake. Hilo ndilo linalofanya habari yao iwe nzito zaidi. Ahadi ilitoka kwa watu wakweli, na bado ilimharibia aliyeipokea, kwa kuwa mkweli huyo hakuwa na mamlaka ya kuitimiza. Uaminifu wa mtu mmoja hauwezi kuchukua nafasi ya mamlaka, na mamlaka isiyowajibika kwa yule aliyeahidiwa haina mkataba itakaouheshimu zaidi ya siku inapoufaidi.

Kwa hiyo tunapofundisha watoto historia ya himaya, tusianze na 1895 kana kwamba mwaka huo ndio Waingereza walipofika na Waafrika walipopumbazwa. Wamazrui hawakupumbazwa. Walizijua siasa za Bahari ya Hindi, walipima, wakachagua mshirika, wakatoa sehemu yao. Walichokosea kukijua ni kimoja tu, na kila mwananchi anayeletewa karatasi leo, iwe ya shamba, ya mradi au ya kuhamishwa mtaa, ana haki ya kukiuliza kabla hajatia sahihi: huyu aliye mbele yangu amepewa na nani uwezo wa kuniahidi, na asipotimiza nitamshitaki wapi?